Sange na Nyumba ya Siku Arobaini

Hapo zamani za kale, enzi zile Kiboko alipokuwa mfalme na kila mnyama alikuwa na meko, kinu na mashemeji, alikuwapo mnyama mdogo aitwaye Sange. Mnamjua sange? Ni yule wa ukubwa wa panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba. Anapita mbele yako, fyuu! Ukigeuka, hayupo.

Sogeeni karibu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na wajukuu ndio ninyi, basi hadithi hii ni yenu. Nilipokuwa na umri wenu niliicheka tangu mwanzo hadi katikati, kisha nikasinzia. Mwisho wake nilikuja kuusikia nikiwa mtu mzima, na tangu hapo kila nikiisimulia najiuliza nilikuwa nacheka nini.

Katika nchi ile palikuwa na desturi nzuri. Kila mwaka, kabla ya masika, kila nyumba ilitoa miti miwili, fito kumi na mzigo mmoja wa nyasi za kuezekea. Tembo alitoa, Panya Buku naye alitoa, akiburuta ufito mmojammoja kwa meno. Vyote vilipelekwa ghalani kwa mfalme, na kazi yake ilijulikana na kila mtu. Vilikuwa vya kuwajengea wasio na paa. Haikuwa sadaka wala hisani. Ilikuwa sheria iliyowekwa na mababu ambao walikwisha kunyeshewa wakajua maana yake.

Na wasio na paa walikuwa wengi. Walikuwa ni wale wadogo wa bondeni, ambao mvua ikinyesha maji hupita kitandani kwao yakachukua na mto wa kulalia.

Aliyewekwa kusimamia ghala alikuwa Waziri Ngiri. Huyu alikuwa waziri wa nyumba, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Alikaa katika shimo alilochimba Muhanga, na kila jioni aliingia humo kinyumenyume, makalio mbele. Hakuwa mwovu. Alikuwa msahaulifu. Mmewahi kumwona ngiri akikimbia? Anatoka mbio, mkia juu, na baada ya hatua chache amesahau anachokikimbia, anasimama anakula majani.

Naye mfalme, Kiboko, alizaliwa majini, akakulia majini, akatawala akiwa majini. Watu wakija barazani kwake, pale ukingoni mwa bwawa, walimkuta ametoa macho na masikio tu. Mvua ikinyesha alisema, "Leo kumependeza." Hakusema hivyo kwa dharau, maskini. Hakuwahi kulowa kwa sababu hakuwahi kukauka.

Basi mwaka mmoja Ngiri alimwambia mfalme kwamba ghala limejaa pomoni, na mfalme akauliza miti ile ilikuwa ya nini. Ngiri akakuna kichwa. Alikuwa amesahau. Wakakubaliana wajenge nyumba kubwa kule mlimani, Nyumba ya Wageni, ili wafalme wa nchi nyingine wakija kutembea wapate pa kulala. Ikajengwa kweli. Ilikuwa na vyumba thelathini na baraza pande zote, fito za kila mwaka zikawa za kuikarabati, na kila asubuhi ilifagiwa.

Hakuna mfalme aliyekuja. Mwaka wa kwanza hakuja, wa pili hakuja, na wa saba bado walikuwa wanafagia.

*

Sasa pale bondeni aliishi Digidigi. Alikuwa mpole, mwenye miguu kama vijiti na macho makubwa. Kila masika alipanda mpaka kwa Ngiri kuuliza habari ya nyumba, na kila masika Ngiri alimjibu kwa heshima zote.

"Jina lako lipo, mama. Subira huvuta heri."

Na kweli jina lilikuwepo. Liliandikishwa na mama yake, aliyekufa akiwa bado anavuta hiyo subira.

Siku moja Digidigi alirudi kutoka kwa Ngiri akawakuta wenzake wamekaa na Sange, wanaota jua. Akawaambia amechoka kuulizia mmojammoja. Akasema waende wote barazani, wasimame mbele ya mfalme, wamwambie kwamba fito zile ni zao na walizitoa kwa kazi ile.

"Wote?" aliuliza Panya Buku.

"Wote. Mmoja akisema ni kelele. Tukisema wote ni neno."

Sange akacheka, pua ikacheza. Akasema, "Dada yangu Digidigi, wewe ni mkweli mno, ndiyo maana unalowa. Ukimwomba mkubwa, unampa nafasi ya kukataa. Niachieni mimi. Nyumba ile mlimani nitawaingiza mchana kweupe, na Ngiri mwenyewe atatufungulia mlango na kutuletea uji."

Wote wakashangilia. Ndivyo tulivyo, wanangu. Ukituambia twende tukaseme, tunaangalia chini. Ukituambia kuna ujanja, tunasogea tupate nafasi ya mbele. Digidigi alitazama nyuso zao, akaenda kutandika majani makavu mahali alipolala.

*

Ujanja wa Sange ulikuwa huu. Katika nchi ile, kama ilivyo kwetu, mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Moto wa mzazi huwashwa, na ukishawashwa, hakuna awezaye kumtoa mzazi katika nyumba ile kabla ya arobaini yake, hata awe mfalme. Tena mfalme alipaswa kumpelekea uji wa pilipili manga, yeye pamoja na ndugu wanaomuuguza. Desturi hiyo Kiboko aliiheshimu sana, maana mama yake alimzaa katika mwaka wa ukame na asingepona bila uji wa majirani.

Basi Panya Buku alipokaribia kujifungua, Sange alimpandisha mlimani taratibu, kama wanaopunga upepo. Walipofika barazani pa Nyumba ya Wageni, uchungu ukamkamata. Bibi Nyani, mkunga wa nchi nzima, aliitwa. Mtoto akatoka, moto ukawashwa, moshi ukapanda juu ya paa, na habari ikafika bwawani.

Ngiri akaja mbio, tapu tapu tapu. Akamkuta Sange mlangoni.

"Nani kawaruhusu kuingia humu?"

"Mtoto, Mheshimiwa. Alijichagulia mwenyewe pa kuzaliwa. Karibu umwone mzazi, ila uvue viatu."

Ngiri akaangalia miguu yake kama ana viatu. Kisha akachungulia ndani, akaona wanyama zaidi ya thelathini wamejilaza.

"Na hawa?"

"Ndugu wa mzazi. Yule mama yake mkubwa. Yule shangazi. Yule shangazi wa upande wa pili."

"Yule ni kobe."

"Ndiyo, shangazi yake kwa ndoa."

Ngiri akawaza, akachoka kuwaza, akaenda kuagiza uji.

Mnacheka. Chekeni, hapa hata mimi nacheka. Siku arobaini za Panya Buku zilipoisha, Nungunungu akajifungua chumba cha pili. Moto ukawashwa upya, arobaini ikaanza upya, na mashangazi wakahamia upande wa pili wa nyumba. Za Nungunungu zilipoisha, akaja Kindi. Ngiri kila akija alikuwa amesahau mzazi wa mwanzo alikuwa nani. Wadogo wa bondeni wakanenepa kwa uji wa pilipili manga. Wakamwimbia Sange nyimbo, naye akaanza kutembea amebinua kifua.

Ni Digidigi peke yake aliyekataa kupanda. Alisema hataki kuwa shangazi wa mtu asiye ndugu yake ndipo apate pa kulala. Lakini naye alikuwa mjamzito, na Sange akamwendea bondeni akamsihi, akamwambia, "Arobaini ya Kindi ikiisha, inayofuata ni yako. Wewe hutadanganya chochote. Utazaa tu kama wenzako, na mtoto wako hatalala kwenye maji."

Digidigi alifikiri sana. Mwishowe akasema sawa, kwa ajili ya mtoto. Akaanza kukusanya manyoya ya kutandikia.

*

Hesabu ya Sange ilikuwa nzuri ila ilipungua kidogo. Arobaini ya Kindi iliisha, na Bibi Nyani alipompima Digidigi akasema bado kama siku kumi hivi. Siku kumi bila mzazi! Moto ungezimwa, mashangazi wangetolewa, na mlango ungefungwa kwa komeo.

Wengine walisema basi, sasa waende barazani wakaseme. Sange akasema siku kumi ni kitu gani. Akaenda kwenye mwegea, ule mti unaoning'iniza matunda marefu mazito, akachagua tunda moja nono. Akalifunga kwa kanga, akalifunika uso, akampa Nungunungu akalale nalo karibu na moto. Bibi Nyani hakuambiwa, kwa sababu angekataa.

Ngiri alipokuja alisimama kidogo. Mara hii, bahati mbaya, kuna kitu alikikumbuka.

"Huyu Nungunungu si alizaa juzijuzi?"

Sange hakupepesa jicho. Akasema, "Umesema kweli, Mheshimiwa, una kumbukumbu kali. Alizaa. Huyu ni pacha aliyechelewa."

"Pacha aliyechelewa?"

"Mwenzake alitoka. Yeye akasema anapumzika kwanza."

Ngiri akastaajabu mpaka meno yakamtoka zaidi. Akaondoka, na safari hii hakusahau, kwa sababu mtu mwenye kusahau mambo yote hukumbuka muujiza. Alimsimulia kila aliyekutana naye njiani. Kufika siku ya saba, habari ya pacha aliyechelewa ilikuwa imejaa nchi nzima, na mfalme akatuma neno kwamba anataka kumwona mtoto huyo, ambariki na kumpa jina.

Hapo ndipo Sange alipopaswa kukiri. Njia ilikuwa bado ipo. Lakini alikuwa amekwisha kuimbiwa nyimbo nyingi.

Wakashuka bwawani wote, Nungunungu mbele na tunda lake. Kiboko alikuwa anangoja amefurahi kama mtoto. Alikuwa amesugua kichwa chake kikang'aa. Akainua pua yake pana juu ya maji, akasema mtoto awekwe hapo, taratibu, naye atamwita Baraka. Sange akajaribu kusema mtoto ana mafua. Mfalme akasema maji ni dawa ya mafua.

Nungunungu akaweka. Lakini tunda la mwegea ni zito. Likabingirika.

Chubwi!

Kelele zilizopigwa siku ile sijui niwaeleze vipi. Ngiri alijirusha majini na mavazi yake ya uwaziri. Kiboko alizama, akaibuka, akazama tena, akipapasa chini kwenye tope, akiita, "Mtoto, mtoto." Alipoibuka mara ya tatu alikuwa analia. Mfalme mzima, mwenye mwili ule, alikuwa analia mbele ya watu wote.

Ndipo kanga ikaibukia huku, na tunda likaibukia kule.

Halafu katika wadogo kuna aliyeshindwa kujizuia, akacheka. Mwingine naye akacheka. Mimi nilipokuwa mdogo nilicheka papo hapo, pamoja nao. Sasa nikifika hapa namtazama Kiboko. Alikuwa amemlilia mtoto yule kwa moyo wake wote, na Sange katika hesabu zake zote hakuwa amefikiria kwamba mkubwa naye anaweza kulia.

Ngiri akatoka majini, akalitazama tunda, akasema maneno ambayo ninyi pia mnayajua. "Siku za mwizi ni arobaini."

Mfalme hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumba ifungwe. Kuanzia siku ile, moto wa mzazi usiwe na nguvu tena juu ya mlango wowote wa serikali, na asiwepo mtu wa kumletea habari ya mtoto.

*

Siku ya tatu baadaye, jua likiwa utosini, wingu likatanda. Tone la kwanza, ndo. La pili, ndo. Kisha mbingu yote ikaachia. Na katika mvua ile ile Digidigi akashikwa na uchungu.

Sange alimwacha na Bibi Nyani chini ya kichaka, akapanda mlima hajui anakanyaga nini. Akagonga mlango wa Nyumba ya Wageni kwa miguu yote minne. Ngiri alikuwa ndani, akilinda vyumba thelathini vitupu.

"Leo umeleta tunda la mti gani?" Ngiri aliuliza bila kufungua.

"Mheshimiwa, leo ni kweli. Ni Digidigi. Jina lake lipo kwako tangu enzi za mama yake. Nipige, nifunge, nifukuze nchini, lakini mfungulie yeye."

Ngiri, kama nilivyosema, hakuwa mwovu. Aliondoka kwa mlango wa nyuma akaenda bwawani kuuliza. Akarudi amelowa, akasema akiwa nyuma ya mlango.

"Mfalme anasema hivi. Amekwisha kumlilia mtoto wenu mmoja. Hatalia mara ya pili."

Sange aliapa kwa mama yake, kwa baba yake, kwa kaburi la babu yake. Viapo vyote hivyo alikuwa amekwisha kuvitumia kwenye mlango ule ule, akiapa kwamba kobe ni shangazi.

Mtoto alizaliwa chini ya kichaka. Alikuwa jike, mwenye macho makubwa kama ya mama yake. Bibi Nyani alimfunika kwa mwili wake mwenyewe, na Digidigi akawa anamlamba ili akauke. Kila alipomlamba, mvua ikamlowesha tena. Jua lilipotoka kesho yake, lilimkuta mtoto hayupo tena duniani.

Sange alisimama mbali, hana pa kuweka macho. Alitaka atukanwe. Digidigi hakumtukana. Alisema jambo moja tu.

"Kaka Sange, nilisema twende tukaseme."

*

Baada ya msiba Sange alienda barazani. Safari hii hakuvaa kitu, hakubeba kitu, hakupanga neno. Alipofika ukingoni mwa bwawa Ngiri akamkagua mikono, akamzunguka nyuma, akatazama hata juu ya mti, akitafuta ujanja umefichwa wapi.

"Hakuna," Sange alisema. "Nimekuja kusema tu. Nilipaswa kuja tangu mwanzo."

Nyuma yake walikuja wa bondeni wote. Hawakucheka wala hawakuimba. Mfalme akatoa macho majini, akawaambia waondoke, haamini chochote chao. Bibi Nyani akasogea mbele. Yeye alikuwa amempokea mfalme mwenyewe siku aliyozaliwa, kwa hiyo hakuomba ruhusa. Akasema, "Mimi sijawahi kukudanganya. Toka nje ya maji, utusikie, maana ukiwa humo masikio yako yamejaa."

Kiboko akatoka. Alidhani ataketi kidogo kisha arudi. Lakini waliokuja kusema walikuwa wengi. Panya Buku alisema ametoa fito kumi kila mwaka kwa miaka saba, akizivuta kwa meno, na kila ufito alijua ni wa paa la mwenzake. Nungunungu alisema miti yake ilipokwenda. Kindi akasema. Kobe akasema, naye mnajua anavyosema polepole. Mmoja alikumbusha sheria ya mababu, mwingine akataja majina ya waliokufa wakisubiri. Sange akaeleza uongo wake wote, mmoja baada ya mwingine, bila kupunguza. Kisha akaeleza habari ya siku ya mvua.

Jua likapanda. Ngozi ya kiboko haiwezi jua, wanangu. Ilianza kukaza, ikaanza kupasuka, ikatoa lile jasho jekundu. Mfalme akavumilia, akavumilia, mwishowe akanyanyuka kwa haraka, akageukia bwawa.

Bibi Nyani akamwuliza kwa upole, "Unakimbilia wapi, Mfalme?"

"Nyumbani," Kiboko alijibu.

Alipokwisha kulitamka neno hilo akasimama. Mguu mmoja ulikuwa majini, mitatu ilikuwa juani. Walimwacha asimame na neno lake.

"Nasi tunataka pa kukimbilia," Sange akasema.

Kiboko hakuingia majini. Alirudi akaketi juani mpaka wa mwisho akamaliza kusema. Kisha akamwita Ngiri, akamwamuru mbele ya watu wote, ili akisahau wawepo wa kumkumbusha. Nyumba ya Wageni ifunguliwe siku hiyo hiyo kwa wote wa bondeni. Miti na fito za kila mwaka, kabla hazijafanya kazi nyingine yoyote, zijenge kwanza nyumba za wasio na paa, juu, mahali maji hayafiki. Moto wa mzazi urudishiwe heshima yake. Na mtu akija kuulizia nyumba yake, asiambiwe jina lipo. Aambiwe siku.

Nyumba zikajengwa. Sange alikanyaga udongo, akakandika kuta, akafanya kazi kama watu kumi. Ya kwanza kabisa, iliyotazama mashariki, ikapewa Digidigi.

Alikuja kuiona. Akasimama mlangoni, akatazama paa, akatazama ukuta uliopakwa chokaa, akatazama pembeni mahali palipochimbwa meko ya mzazi. Akapatazama pale kwa muda mrefu.

"Ni nyumba nzuri," akasema. "Asanteni."

Kisha akageuka akarudi kichakani, na hajaingia ndani ya nyumba yoyote mpaka leo. Mkimkuta digidigi porini, mtazameni chini ya jicho. Mtaona alama nyeusi. Watu wengine watawaambia ni kitu kingine, lakini sisi tunajua ni njia ya machozi.

Na Sange? Ujanja aliuacha. Kila kukicha hutoka akafagia kijia chembamba kutoka mlango wa ile nyumba mpaka kichakani. Jani likianguka analitoa, kijiti kikianguka anakitupa, ili siku Digidigi akibadili moyo asijikwae. Mkiona msituni kijia kidogo kimefagiwa safi na hamwoni mfagiaji, ni chake. Bado anafagia, naye Digidigi bado hajaja.

Hadithi imeishia hapo, na funzo lake ni hili: paa ni haki, idaini wote pamoja, mbele ya baraza, kabla mvua haijanyesha, kwa maana ujanja humfungulia mnyonge mlango wa siku arobaini tu.